Aliyekuwa Akijibu Herufi za Uwaila

Mtu akienda kusukwa kwa Uwaila, pale Upper Sakponba mjini Benin, ilimbidi avumilie mawili. La kwanza ni vidole vyake, vilivyovuta nywele mpaka nyusi zikapanda. La pili ni manung'uniko. Uwaila alisuka huku akitaja herufi chini kwa chini, akizipanga na kuzipangua, kisha ghafla akatoa neno la Kiingereza ambalo hata Mwingereza mwenyewe angeomba alirudie.

"Mama Etinosa, unanisuka au unanifundisha kusoma?" mteja mmoja alimuuliza.

"Nyamaza wewe. Kichwa hiki hakijawahi kupitiwa na kitu cha maana. Shukuru leo zinapita herufi."

Tulimzoea. Kwetu mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi si wa watoto wala wa wastaafu. Una timu za majimbo, una makocha, una watu waliowahi kununiana miaka kwa sababu ya neno moja. Uwaila alilichezea jimbo alipokuwa msichana, akarudi na jezi na nishani ambayo mumewe aliitundika juu ya televisheni. Maneno yake mengi hakujua maana yake na hakuona haya kusema hivyo. "Maana waachie walimu," alikuwa akisema. "Mimi niambie lina herufi ngapi na ndani yake kuna nini."

Mchezo huo alimrithisha mwanawe wa pekee, Etinosa, lakini kwa sheria za nyumbani kwao ambazo hazimo katika kitabu chochote. Kila jioni mama alitia mkono katika mfuko wa kitambaa akatoa vigae saba. Mtoto alitakiwa aunde neno la herufi tano, si nne, si sita, na ndani yake iwemo herufi moja ambayo mama ameitaja kuwa ya lazima. Vigae viwili vilivyosalia viliitwa mabaki, na mabaki yalikuwa mali ya mchezaji. Yalilala naye. Kesho yake mama alitoa vigae vitano tu, kwa kuwa viwili tayari anavyo. Ndiyo maana Etinosa alipokuwa mdogo hakulala bila kuficha vigae viwili chini ya mto, na akiamka jambo la kwanza lilikuwa kuvitazama kama vipo.

Akakua, akasomea umeme, akakosa kazi. Akaondoka kama wanavyoondoka wenzake wote: asubuhi, na begi mgongoni, akidai anakwenda Kano kwa rafiki. Ujumbe uliofuata ulitoka Agadez, kule jangwani. "Mama, usimwambie Baba kwanza. Tuma herufi."

Uwaila alilia mpaka macho yakavimba, kisha akauchukua mfuko wa kitambaa akatoa vigae saba. Angefanya nini kingine?

Wakacheza hivyo jangwa zima, mtandao ukipatikana. Baba mtu, Osayande, ambaye ni fundi wa lipu na mtu wa hasira, aliambiwa, akapiga kelele siku mbili, kisha naye akaanza kuulizia kila jioni: "Kajibu?" Kutoka Libya Etinosa aliandika kwamba wako uani kwa mtu, wamejaa, wanangoja zamu za mashua. Chakula? "Nimekula wali na nyama, Mama, mpaka nabeua." Alikuwa mwongo mzuri.

Herufi za mwisho alizozijibu, pamoja na mabaki ya jana yake, zilikuwa G, R, A, I, N, O na U, ya lazima ikiwa G. Akajibu GRAIN. Mabaki yake yakawa O na U, na mama akamjia juu. Mchezaji gani aliyelelewa vizuri anabakiza irabu mbili?

"Tulia, Mama," akaandika. "Naujua mkono wako. Kesho utaniletea mawe matupu na utaniomba radhi."

Kesho yake Uwaila akatia mkono mfukoni, na kweli, yakatoka mawe matupu: H, M, N, R, T. Hakuna irabu hata moja. Alicheka peke yake hadi mteja akageuka kumtazama. Akazituma, ya lazima H, akijua mwanawe mwenye O na U mkononi atalipata neno kabla hajakaa kitako. Mwenyewe aliyaona matatu papo hapo.

Jibu halikuja. Halikuja wiki ile wala iliyofuata. Osayande aliacha kula chakula cha mchana. Uwaila alisuka vibaya, wateja wakarudi kufumuliwa, na hakuna aliyelalamika maana mtaa mzima ulijua Etinosa yuko ufukweni.

Kisha siku moja, alasiri, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka namba yake, na ndani yake mna herufi tatu tu: NTH.

Osayande alipiga yowe la furaha lililowatoa majirani. Akamkumbatia mkewe, akamkumbatia na mteja. "Yu hai! Si nilikwambia? Mwanangu yu hai!" Akatoka mbio kwenda kuwaambia wenzake.

Uwaila alibaki na simu mkononi. Neno lilikuwa la kweli, limo katika orodha, kila mchezaji wa kwetu analijua. Lakini lilikuwa la herufi tatu. Limetoka katika mawe matano, kana kwamba aliyejibu hakuwa na kitu kingine chochote mkononi. Mtu mwenye O na U hawezi kujibu hivyo.

Alijitetea kwa kila njia. Labda amesahau. Labda njaa imemchanganya. Jioni akaenda nyuma ya duka la matairi ambako wachezaji hukutana, akamkuta Egharevba, kocha wake wa zamani, mzee mwenye maneno makali, akila nguruwe wa kuchoma.

"Kocha, mchezaji anaweza kusahau mabaki yake?"

"Mchezaji gani?"

"Yeyote. Tuseme amechoka. Tuseme anaumwa."

"Wa mtaani anaweza. Wa nyumbani kwako?" Egharevba akalamba vidole. "Uwaila, yule mwanao ataanza kusahau jina lake, kisha langu, kisha la Mungu. Mabaki atasahau mwisho. Mbona unauliza? Si nasikia kajibu?"

"Kajibu," Uwaila akasema.

"Basi kanywe soda, mama, uso umekupauka."

Kuanzia siku ile Uwaila alifanya jambo ambalo hadi leo wengine mtaani wanamlaumu, na mimi siwezi. Hakupiga simu ile namba. Angepiga, angesikia sauti, na akisikia sauti angejua. Badala yake alianza kutuma herufi saba kamili kila jioni, ili huyo mtu, yeyote awaye, asikwame tena.

Naye hakukwama. Maneno yalirudi marefu na maridadi, ya herufi saba, mengine ambayo Uwaila mwenyewe ilimbidi ayatafakari. Alitambua yalikotoka. Siku hizi kuna mashine kwenye simu: unaipa herufi, unaiambia idadi, inakumiminia orodha. Etinosa aliichukia mashine hiyo, alisema ni sawa na kutafuniwa nyama na mtu mwingine. Huyu aliiabudu. Aliokota neno la juu kabisa katika orodha na kulituma, kila jioni, bila kukosa, na Uwaila akalisoma kwa sauti ili mumewe alisikie.

"Kajibu?"

"Kajibu."

"Neno gani leo?"

Alilitaja, na Osayande, ambaye hajui mchezo, alitikisa kichwa kwa fahari. "Libya imemnoa yule kijana!"

Mara moja Osayande alipiga simu mwenyewe. Ikakatwa. Ujumbe ukaja: "Spika mbovu Baba." Osayande akanuna, akataka kupiga tena, na Uwaila akasikia mdomo wake ukisema haraka, "Umeambiwa spika mbovu, unataka aimalizie na betri?" Baadaye alijifungia chooni. Alikuwa amemsaidia mtu asiyemjua kumdanganya mume wake.

Nyumba ikawa na watoto wawili: mmoja anayejibu, na mmoja asiyejibu. Anayejibu alikuja jioni kwa mlio wa simu. Asiyejibu alikuja wakati wowote. Uwaila alikuwa akichana nywele za mtu akanusa yale mafuta ya nazi ya mwanawe, akageuka. Alisikia kandambili zake uani, zile zilizopiga kisigino kwa uvivu, na alipotoka palikuwa na kuku tu. Akisinzia kwenye kigoda mchana alimwona amesimama majini hadi kifuani, ngumi ya kulia imefumbwa.

"Fungua nione," alimwambia.

Etinosa alitikisa kichwa. Alitabasamu kidogo, kama mtoto aliyeshika kitu ambacho si cha kuonyeshwa. Uwaila aliamka akiwa amekamata nywele za mteja kwa nguvu hadi yule dada analia.

Aliogopa. Si mzimu aliouogopa, kwa maana huo ungekuwa wa kwake mwenyewe na angeukaribisha ndani. Aliogopa kinywa chake. Alikuwa na hakika kwamba siku atakayotamka kwamba mwanawe amekufa, ndiyo siku atakayokufa, na kwamba mpaka hapo bado hajafa sawasawa.

Mvua zikanyesha msimu mzima. Osayande alipiga lipu chumba cha nje, akakipaka rangi ya kijani ambayo Etinosa aliipenda, akatia dirisha jipya. Kisha akaja na jambo jingine. Alikuwa ameongea na familia ya Itohan, msichana ambaye Etinosa alimpenda tangu shule. Jumamosi wataenda rasmi, na njugu za kola na vinywaji, kumposea kijana wao aliye ng'ambo.

"Huyo binti amengoja vya kutosha," Osayande akasema. "Tumfunge kabla hajachukuliwa. Mbona huchangamki? Unamuonea wivu mkwe kabla hajaingia?"

"Nimechangamka," Uwaila akasema.

Lakini hapo ndipo pumzi ilipomwishia. Kumdanganya mume ni jambo moja. Kumfunga mtoto wa watu kwa mwanamume aliye chini ya maji ni jambo jingine, na Itohan alikuwa msichana mwema aliyempitia kila Jumapili kumsalimu.

Kesho yake alasiri, akiwa na kichwa nusu kimesukwa mbele yake, Uwaila alichukua simu. Hakutuma herufi. Aliandika: "Umekula?"

Jibu likaja upesi. "Bado Mama. Jana pia hatukupata."

Alilitazama. Etinosa, tangu amezaliwa, hajawahi kumkubalia mama yake kwamba ana njaa. Hata malaria ilipomwangusha alidai ameshiba.

Akaandika: "Mwanangu hajawahi kuniambia ana njaa. Wewe ni mtoto wa nani?"

Uwaila akarudi kwenye kichwa cha mteja, akasuka nusu iliyobaki kwa mistari iliyonyooka kuliko yote aliyowahi kusuka maishani mwake. Alikuwa akifunga ncha ya mwisho ujumbe ulipoingia. Ulikuwa mrefu.

"Mama nisamehe. Naitwa Eromosele, wa Uromi. Nililala mkeka mmoja na Etinosa. Siku yake ya mashua alisema simu itaingia maji, akaniachia kwa kuwa zamu yangu bado. Akasema Mama atatuma herufi, wewe mjibu tu asije akaogopa, mimi nikifika nitapiga. Mama, mashua haikufika. Niliuliza kila aliyeokolewa. Herufi zako zilikuwa zimefika na mimi nilizitazama siku nyingi. Sikujua mchezo. Nikatafuta kwenye simu nikajibu. Kesho yake ukatuma tena. Nisamehe Mama."

Mteja alimuuliza kama kuna tatizo. Uwaila alimwambia aende, alipe siku nyingine. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, mahali ambapo hajawahi kuketi, akausoma tena. Alitegemea kupiga kelele, na kelele haikuja. Ilikuja hasira, kisha ikaja huruma ambayo hakuitaka, kwa kijana mwenye njaa anayesaka maneno ya herufi saba kila jioni ili mama wa mtu mwingine asiogope.

"Mama yako anajua uko hai?" akaandika.

"Hapana. Sijampigia tangu jangwani. Alitoa kila kitu kwa ajili yangu na sina cha kumwonyesha. Afadhali ajue nimekufa. Sina uso."

"Uso unao, ndio huo unaolala njaa. Mama yako anaitwaje?"

"Usimwambie Mama, nakuomba."

"Kijana, umenidanganya msimu mzima wa mvua. Leo huna la kunikataza."

Mwishowe akaandika: "Barabara ya kwenda Ubiaja, penye kinu cha mihogo. Ulizia Mama Ero."

Asubuhi alimuaga mumewe kwamba anakwenda Uromi kwa mteja wa zamani. Osayande alikuwa akipangusa viatu vyake vya sherehe. "Usilale huko," alimwambia. "Jumamosi ni keshokutwa."

Kinu hakikuwa kigumu kupatikana, kelele zake zilisikika tangu njia panda. Kando yake, chini ya banda la makuti, mwanamke aliyevaa nguo nyeusi iliyopauka alikuwa akikaanga mihogo iliyosagwa kwenye karai pana, akiigeuza kwa kipande cha kibuyu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, nywele zikiwa ndiyo kwanza zinaota. Uwaila ni msusi. Alijua nywele hizo zimenyolewa kwa ajili ya nini na lini.

"Karibu, mama. Ya leo bado moto, subiri ipoe nikupimie."

"Wewe ndiye Mama Ero?"

Mkono wa yule mwanamke ulisita. "Siku hizi watu wanaogopa kuniita hivyo."

"Nimetoka Benin. Nimeleta habari za Eromosele."

"Kama ni za kifo, umechelewa. Walishakuja kuniambia, tukamlilia, padri akamwombea. Niache nikaange, isije ikaungua."

"Yu hai."

Mwanamke alimtazama, na uso wake ukabadilika, lakini si kwa furaha. "Ondoka," akasema. "Nawajua nyinyi. Mnasikia mtu kapoteza mtoto mnakuja na hadithi, kisha mnataka nauli, kisha mnataka cha kumkomboa. Toka hapa kabla sijakumwagia karai hili!"

"Ana kovu au hana, sijui. Mrefu au mfupi, sijui," Uwaila akasema. "Najua ana njaa na ana aibu. Jana ameniandikia. Sikuombi hata maji."

Akabonyeza namba ya Etinosa. Kwa miezi yote ile hakuwa amethubutu kuipiga, na sasa kidole kilikwenda chenyewe. Iliita, iliita, akadhani itakatwa. Ikapokewa. Aliiweka sikioni mwa yule mwanamke, lakini sauti ilikuwa kubwa na waliisikia wote wawili.

"Mama?"

Ilikuwa sauti nyembamba, yenye mafua, ya kijana ambaye ndevu zake bila shaka bado chache. Uwaila alisimama pale akiisikiliza. Mpaka dakika ile, hata baada ya ule ujumbe mrefu, palikuwa na kona ndogo ndani yake iliyongoja kwamba simu ikipokewa atasikia sauti nzito ya Etinosa ikimcheka. Haikuwa yake. Haikufanana nayo hata kidogo.

Mama Ero aliketi chini, si kwenye kigoda, chini kwenye vumbi, simu ameishika kwa mikono miwili. Alimtukana mwanawe matusi ya Kiesani, lugha ya kwao, ambayo Uwaila hakuyaelewa yote, akamwita mpumbavu, akamwita 'baba yangu', akamuuliza kama anakohoa. Alilia kwa sauti hadi watu wa kinu wakazima mashine na kuja kuchungulia. Mihogo ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Uwaila akainama, akaokota kile kipande cha kibuyu, akaanza kuigeuza, kutoka pembeni kuja katikati, moshi ukimwingia machoni.

Mazungumzo yalipokwisha Mama Ero alijipangusa uso kwa ncha ya ile nguo nyeusi. Alimwangalia mgeni wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Dada yangu, nisamehe kwa maneno yangu. Mungu akuzidishie. Lakini hukuniambia, mwanangu umemjuaje?"

"Alikuwa na mwanangu. Walilala mkeka mmoja."

"Kumbe! Basi hao ni ndugu." Mama Ero alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, akitafuta kigoda cha kumpa. "Na wako hajambo? Mpigie naye, nimshukuru. Yuko wapi?"

Uwaila aliendelea kuigeuza mihogo. Aliigeuza mara kadhaa zaidi, ingawa ilikuwa imekwisha kuiva.

"Wangu amekufa," akasema. "Anaitwa Etinosa. Alizama."

Mama Ero akamshika mkono ulioshika kibuyu, akausimamisha.